Namba Chini ya Mshiko

Mtu huyu nilimdanganya kwa miaka sita, na miaka yote hiyo kila Jumatatu aliniletea mtori, ile supu nzito ya ndizi, kwenye chupa ya chai. Naanza na hilo kwa sababu najijua. Nikianza na vituko vyake nitawachekesha, nitajisahaulisha, na mwisho mtaondoka mkidhani nami nilikuwa mtu mwema aliyefanya kazi na mtu mwema. Thubutu! Barua yake, ambayo ingemsaidia mtu aliyekuwa ndani bure nchi jirani, ilikaa kwenye droo yangu, na mimi nikamwambia usoni kwamba imekwenda.

Jina lake silisemi. Kazini tulimwita Afande kama tulivyowaita wengine wote, lakini ukisema Afande ukanyamaza, hata mfagiaji alijua unamsema yule wa stoo. Alikuwa mtunza vielelezo. Kila kitu kilichokamatwa na polisi kikawa kinangoja mahakama kilikaa kwake: mapanga, simu, pikipiki, magunia ya bangi yaliyotuumiza vichwa wakati wa joto. Na silaha. Bunduki au bastola ikikamatwa kwenye tukio ililetwa mezani kwake, na kazi yake ilikuwa kusoma namba iliyochongwa kwenye chuma, kisha kuuliza huko na huko: hii ni ya nani? Mimi nilikuwa karani wake. Hayo maswali niliyachapa mimi.

Na maswali yalisafiri, jamani. Barua ilitoka kwetu Moshi kwenda makao makuu, makao makuu wakaipeleka kwa polisi wa nchi inayohusika, wale wakafungua vitabu vyao kutazama nani aliuziwa silaha yenye namba ile na nani alipewa leseni, halafu jibu likarudi kwa njia ileile. Miezi minne, mitano, wakati mwingine mwaka. Nimewahi kuchapa barua iliyofika mpaka kiwandani Ulaya, na jibu lake likaja na muhuri mzuri kuliko ule wa cheti changu cha ndoa. Afande alilishika lile jibu kwa ncha za vidole siku nzima, akimwonyesha kila aliyeingia, hata mama wa maandazi.

Alikaa Kibosho, juu, penye baridi, na kila asubuhi alishuka mjini na koti zito la kahawia. Akifika, jua la Moshi linamkuta na koti lake, naye havui. Saa saba mchana shingo inatiririka jasho.

"Afande, utaiva humo ndani."

"Koti ni la kurudia nyumbani, Karani. Ukilivua unalisahau."

Hakulivua hata siku moja. Alikuwa mtu wa namna hiyo, akishaamua jambo huwezi kumtoa hata kwa trekta.

Usomaji wake wa namba ulikuwa kama ibada. Kwanza mswaki, kutoa uchafu. Halafu chaki, anaisugua juu ya maandishi mpaka mistari inajaa weupe. Halafu tochi, anailaza pembeni ili kivuli kiingie kwenye michongo. Anasoma, mimi naandika. Kisha tunabadilishana: mimi nasoma, yeye anaandika, bila kuona nilichoandika. Karatasi mbili zikitofautiana hata tarakimu moja, tunaanza upya, hata kama ni saa ya chakula. Nilikuwa nikimlaani kimoyomoyo kwa njaa. Majambazi wengine hukwangua namba kwa tupa, wakidhani wameimaliza. Afande alidondoshea dawa fulani kwa kijiti, akasubiri, na namba ikaanza kutokea taratibu kwenye chuma kilichokuwa laini kabisa. Mara ya kwanza kuiona hiyo nilisema "Yesu na Maria!" na mimi si Mkatoliki.

"Waliigonga kwa nguvu kule kiwandani," alinieleza. "Nguvu ya nyundo iliingia ndani zaidi ya maandishi. Tupa haifiki huko."

Alikuwa na msemo wake mmoja aliourudia mpaka vijana wa ofisini wakawa wanamwigiza: hakuna silaha iliyozaliwa haramu. Kila moja ilianza na risiti, alisema, ikauzwa mchana kweupe na mtu aliyepokea pesa akasema asante, na kazi yetu ni kutafuta mahali ilipoacha kuwa na mwenyewe. Ndiyo maana aliamini sana ushirikiano wa nchi na nchi. Wengine waliona ni semina za kula posho. Yeye aliona kwamba bastola inavuka mpaka bila kuomba ruhusa, na polisi wakibaki kila mtu kwao, bastola itatucheka sote.

Sasa mnajua kwetu msibani, kabla ya kwenda kaburini, mtu husimama akasoma historia fupi ya marehemu: alizaliwa, akasoma, akaajiriwa, akaugua. Afande aliziandikia bunduki historia kama hizo, kwenye daftari la shule. Nakumbuka moja: "Marehemu alizaliwa kiwandani katika nchi ya baridi. Aliajiriwa jeshini. Jeshi lake lilipovunjika alibaki bila kazi. Alivushwa ziwa ndani ya gunia la dagaa. Alifika Moshi akiwa mzee, akaua mtu mmoja, akakamatwa." Na siku silaha zilipochomwa moto hadharani baada ya kesi kwisha, alivua kofia. Mkubwa mmoja akamtania, "Afande, unaomboleza bunduki?" Akasema hapana, anawaombea waliowahi kusimama mbele ya bunduki hizo. Yule mkubwa akatafuta pa kutazama.

Cha ajabu, aliziogopa. Mtu aliyelala na kuamka na silaha! Hakukaa kamwe upande mdomo wa bunduki ulikoelekea, hata ikiwa tupu na imefunguliwa vipande. Alinawa mikono mara tatu kabla ya kula. Jirani yake wa Kibosho aliniambia kwamba Krismasi moja mtoto wa pale alinunuliwa bastola ya plastiki, akamlenga Afande kwa mchezo. Afande alikwenda mjini, akarudi na baiskeli, akabadilishana na yule mtoto. Baiskeli nzima! Mtu huyo huyo aliyenigombeza ofisini kwa kutia kijiko cha tatu cha sukari. "Karani, sukari ya serikali hiyo," alikuwa akisema, na sukari tulichanga wenyewe.

Upande wa pili wa mpaka, ukishapita Holili, alikuwa na mwenzake. Naye alikuwa mtunza vielelezo. Walikutana kwenye semina moja Arusha, wakagundua wote wawili wanatumia mswaki na chaki, wakashikana mikono hawakuachiana mpaka chakula cha mchana. Tangu hapo walipigiana simu kila Alhamisi. Kwa sheria simu haikuwa na uzito wowote, ushahidi ni barua. Simu ilikuwa ya kuamsha barua zilizolala. Lakini robo tatu ya mazungumzo ilikuwa mvua, mipira na matusi ya utani.

"Ninyi Wachaga hata bunduki mnaiombea punguzo," sauti ya yule ilisikika mpaka kwangu, kwa jinsi alivyopayuka.

"Na ninyi mkiuziwa gobore mnauliza kama linakula mafuta ya taa au petroli!"

Afande akicheka kwenye simu meza ilitikisika. Nilizipenda Alhamisi zile. Nasema kwa uchungu, kwa sababu mimi ndiye niliyezikata.

Ilikuwa hivi. Mnunuzi wa kahawa alivamiwa mchana njia ya kutoka Kibosho, dereva wake akapigwa risasi akafa palepale. Siku chache baadaye kina mama waliokuwa wakisafisha mfereji wa maji wakaokota bastola kwenye tope. Ikaletwa kwa Afande. Risasi iliyomuua dereva ilitoka humo, wataalamu wakathibitisha. Ikabaki namba.

Sehemu ya juu ya bastola, ile inayorudi nyuma ukifyatua, ilikuwa na namba safi kabisa. Tukaisoma, nikaisoma, karatasi mbili zikafanana. Lakini bastola ya aina ile ina namba nyingine kwenye mwili wake, na imefichwa chini ya vibao vya mshiko. Ili kuiona lazima ufungue skrubu. Skrubu moja ilikuwa imeliwa na kutu, kichwa chake kimelika, bisibisi inateleza. Afande alijaribu mara mbili. Mkuu wa ofisi yetu alikuwa amesimama mlangoni na saa yake, maana kulikuwa na kikao na polisi wa nchi jirani wiki ileile na alitaka aende na kitu mkononi.

"Namba si hiyo hapo, Afande? Unatafuta nini tena?"

Afande aliitazama skrubu. Akaitazama ile namba safi ya juu. Akasema, "Haya, Karani, chapa." Sijawahi kumwona akiruka hatua kabla ya siku ile wala baada yake, na hiyo moja ndiyo ilitosha.

Jibu lilikuja haraka kuliko yote. Bastola yenye namba ile ilikuwa na leseni, mwenyewe ni mfanyabiashara wa nafaka wa Taveta. Polisi wa kule wakamfuata dukani kwake. Wakamwambia atoe bastola yake, akashindwa. Akajieleza kwamba iliharibika, akampelekea fundi, fundi akatoweka nayo, naye kwa kuogopa kunyang'anywa leseni hakuripoti. Nani angemwamini? Alikamatwa. Mkuu wetu alipigiwa makofi kwenye kikao kilichofuata, mfano hai wa nchi mbili kushirikiana, tukanywa soda ofisini na mimi nikala sambusa nne.

Miezi ikapita. Siku moja Afande alikuwa akiiandaa ile bastola kupelekwa mahakamani, na skrubu, sijui ni ule mkao wa kabatini au mafuta aliyokuwa akiipaka, ikalegea. Vibao vikafunguka. Nilikuwa pale. Alichukua mswaki, chaki, tochi. Akasoma. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akakaa chini kwenye kreti la soda, na uso wake ukawa na rangi ya jivu.

Namba ya mwili haikuwa ile ya juu. Ilikuwa bastola mbili zilizounganishwa. Sehemu ya juu tu ndiyo iliyokuwa ya yule mfanyabiashara, na mwili, ambao kisheria ndio silaha yenyewe, ulikuwa wa bastola nyingine kabisa, ya jeshi la mbali. Maana yake yule mtu alisema kweli. Fundi aliivunja bastola yake akauza vipande.

"Nimemwita mtu asiye yeye," Afande alisema. Alirudia mara nyingi, mpaka nikamletea maji.

Alimpigia mwenzake siku ileile, haikuwa hata Alhamisi. Yule akamwambia, "Ndugu yangu, mdomo hausimami mahakamani. Nitumie barua, nami nitaikimbiza mwenyewe kwa hakimu." Afande akaandika kwa mkono wake, kurasa mbili, akajitaja kwamba kosa ni lake, kwamba hakufungua mshiko. Niliichapa nikiwa nalia kidogo. Akaisaini, nikaipeleka kwa mkuu ili aidhinishe iende.

Mkuu aliisoma amesimama. Akafunga mlango.

"Unajua hii ikifika itakuwaje? Tulipigiwa makofi kwa kesi hii."

"Ndiyo, Mkuu."

"Kaa nayo kwanza. Na kwenye kitabu cha barua andika imekwenda, mzee atulie. Ataumwa presha bure."

Nilikuwa na mkataba wa muda, na watoto watatu shuleni. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa. Nilifungua kitabu, nikaandika tarehe na "imetumwa", mwandiko mzuri kabisa, na barua nikaiweka kwenye droo chini ya karatasi za kaboni. Afande alikuja jioni akakikagua kile kitabu, akaweka kidole juu ya mstari wangu. "Ahsante, mwanangu," akasema. Hakuwahi kuniita mwanangu kabla ya hapo.

Kilichofuata mnaweza kukiona wenyewe. Alhamisi mwenzake akasema haijafika. Alhamisi iliyofuata, haijafika. Afande akaja kwangu, nikamwonyesha kitabu. Akamwambia mwenzake, iko kwenye kitabu, nimeiona kwa macho yangu. Yule akasema, kwangu haipo. Afande akaomba nakala itumwe tena, mkuu akakataa, eti tutaonekana hatuwaamini wenzetu. Na Afande, ambaye aliamini karatasi kuliko watu, akahitimisha kwamba rafiki yake ameikalia barua ili sifa za kesi zisimpotee. Nilisikia simu yao ya mwisho. Hakukuwa na utani. "Una roho gani wewe, mtu anaozea ndani?" Afande alisema, akakata. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka kwake, na droo ilikuwa kwenye goti langu.

Kwa nini sikusema wakati ule? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Mkuu alihamishwa mwaka uliofuata, hakuna aliyenizuia tena. Lakini sasa barua ilikuwa imechelewa mwaka, na kuchelewa kwake kulikuwa kwangu. Kila mwezi uliopita uliifanya nzito zaidi. Yule mfanyabiashara alikaa mahabusu miaka miwili na zaidi, mama yake akazikwa hayupo, ghala lake likaliwa na dumuzi. Hatimaye aliachiwa kwa ushahidi kutotosha. Aliachiwa, hakusafishwa. Kina mama wanaoleta nyanya kutoka kule waliniambia mpaka leo watu humwita yule wa bastola, na binti yake posa ilirudishwa.

Na kila Jumatatu Afande aliingia, akaweka mtori mezani, akauliza: "Wamejibu?"

"Bado, Afande."

"Watajibu. Dunia haina watu wabaya tu."

Alikonda. Akaanza kufungua mshiko wa kila silaha iliyoletwa, hata zile zilizosomwa miaka ya nyuma, hata magobore yasiyo na kitu cha kufungua. Akiwa peke yake stoo nilimsikia akizungumza, nikadhani ana mgeni. Alikuwa akimsimulia yule mfanyabiashara jinsi skrubu ilivyoteleza. Alistaafu hivyo. Kwenye hotuba ya kumuaga aliwashukuru wote, akasema anaondoka na jambo moja halijajibiwa, watu wakadhani anasema kiinua mgongo, wakacheka.

Mimi nami niliacha kazi. Nina kibanda cha kuchapa na kutoa kopi pale Njoro, hapahapa Moshi. Barua nilihama nayo. Mwaka huu, baada ya masika, binti yake Afande alikuja kutoa kopi za karatasi za hospitali, baba yake ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Nikamuuliza anaendeleaje. "Anaendelea hivyohivyo, mama. Ila ana kitu anakirudia sana. Amesema nikipita kwako nikuulize kama kuna jibu la barua."

Nilimkosea chenji yule binti.

Uchaggani mtu akikukosea kosa zito anakuletea jani la isale, ule mmea tunaopanda kwenye mipaka ya vihamba vyetu vya migomba, limefungwa fundo. Aliyeletewa isale halikatai, awe na hasira kiasi gani, na aliyekosa hahitaji maneno mengi, jani limeshasema. Kawaida anatumwa mtu mzima mwenye heshima alipeleke. Mimi ningemtuma nani? Ningemweleza nini? Nilikata jani kwenye mpaka wa kihamba cha marehemu baba yangu, nikalifunga fundo mwenyewe, Jumamosi nikapanda pikipiki kwenda Kibosho nimelificha kwenye mkoba pamoja na ile barua.

Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, ungo wa kahawa mapajani, anachambua punje mbovu kwa vidole. Koti amevaa. Mke wake alikuwa anakata majani ya ng'ombe pembeni.

"Shikamoo, Afande."

"Marahaba. Karani!" Alinijua kwa sauti, akafurahi, Mungu nisamehe, alifurahi kweli. "Umeniletea jibu."

Nilipiga magoti nikamwekea jani mikononi. Alilipapasa kutoka chini kwenda juu, kidole gumba kikafika kwenye fundo, kikasimama. Mke wake naye aliacha kukata.

"Hili ni la nani?"

"La kwangu, Afande."

"Wewe umenikosea nini?"

"Barua haikwenda. Haikutoka ofisini hata siku moja. Ninayo hapa."

"Kitabu kilisema imekwenda."

"Niliandika mimi."

"Mkuu ndiye aliyekuambia?"

"Aliniambia. Lakini mkuu aliondoka, Afande. Nikaendelea mwenyewe."

Ng'ombe zizini alikuwa anatafuna, nilimsikia kila tafuno.

"Alikuja hapa," akasema mwisho. "Mwenzangu. Amestaafu, anapumua kwa shida, akapanda mpaka hapa kunitafuta. Alisimama pale kwenye migomba. Nikamwambia mama huyu aseme sipo. Nilikuwa ndani, nikakohoa, akanisikia. Akamwambia mama, basi, mwambie nilipita. Amezikwa mwaka juzi. Waliniletea taarifa, sikwenda. Nilisema yule si mtu wa kuzikwa na mimi."

Halafu akalia. Sijui kueleza. Machozi yalitoka kwenye yale macho yasiyoona yakaanguka kwenye kahawa, na hakuyafuta kwa sababu jani lilikuwa bado mikononi. Nilitamani anipige. Kweli kabisa, nilitamani achukue ule ungo anipige nao kichwani.

"Baba," mke wake akasema polepole. "Isale limeletwa."

"Najua limeletwa."

Akalikunja taratibu akalitia kwenye mfuko wa koti, upande wa moyo. "Nimelipokea," akasema. "Isale halirudishwi." Sauti yake haikuwa na upendo wala chuki, ilikuwa ya mtu aliyetii. Nilidhani nikisikia maneno hayo nitapumua. Sikupumua.

"Aika, Afande."

"Usinishukuru. Hilo ni langu mimi, na kwangu limekwisha. Yule wa Taveta umempelekea nini?"

Nikamwambia kwamba nitampelekea na yeye, nitakata jingine, na barua nitampa.

"Kule hawalijui isale. Ukimpa jani atadhani umemletea majani ya mbuzi."

"Sasa nitafanyaje, Afande?"

"Utasema kwa mdomo."

Akarudisha vidole kwenye ungo, akaendelea kuchambua, na nikajua nimeruhusiwa kuondoka.

Sikupanda pikipiki. Niliteremka kwa miguu ile barabara ya mawe, nikiwa na barua mkobani na moyo umekauka. Kesho kutwa ni siku ya soko Taveta, na nimeambiwa yeye huuza mahindi rejareja, ametandika turubai chini, mahali pa wazi ambapo kila mtu atasikia. Njia nzima nilikuwa nikifanya mazoezi kwa sauti, watu waliopishana nami wakinitazama. Mimi ndiye karani. Barua ya kukutetea ilifika mikononi mwangu ukiwa bado ndani, nikaificha. Ni maneno machache tu, mtoto wa darasa la pili angeyasema. Lakini kila nilipofika mwisho, ulimi wenyewe ulisema "ikapotea". Nikarudi mwanzo.